Filamu za kivita za misafara ya meli: jinsi ya kupima ukweli wake kwa saa, hatua kwa hatua

Filamu inaweza kuwa na manowari halisi, sare halisi na bahari halisi, na bado isiwe ya kweli. Katika filamu za misafara ya meli za Vita Kuu ya Pili, yaani meli nyingi za mizigo zikisafiri pamoja chini ya ulinzi wa manowari, kinachopotoshwa mara nyingi si bunduki wala bendera, ni muda. Ulinzi wa msafara ulikuwa kazi ya kungoja: siku kumi na tano, ishirini za mwendo wa pole, kisha dakika chache ambazo kila sekunde ilikuwa na uzito wake. Mwongozaji anayefupisha sekunde hizo anaifuta kazi yenyewe.

Mwongozo huu unahusu zaidi Atlantiki ya Kaskazini, 1939 hadi 1945, kwa kuwa ndiko filamu nyingi za zamani zinakosimulia. Unahitaji simu yenye kipima sekunde, kalamu, karatasi na rimoti yenye kitufe cha kusimamisha picha. Tazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza itazame tu, usiandike kitu. Mara ya pili ndipo upime.

Hatua ya 1: Jua hadithi inatokea mwaka gani na wapi

Andika tarehe ya kila sehemu ya hadithi. Bila tarehe huwezi kukosoa chombo chochote, maana vita hivi vilibadilika karibu kila msimu.

Nyambizi za Kijerumani zilipata bandari za Ufaransa, kama Lorient, baada ya Ufaransa kuanguka Juni 1940. Mashambulizi makubwa ya usiku ya nyambizi nyingi kwa pamoja yalishika kasi msimu wa vuli wa mwaka huo. Msafara SC 7, Oktoba 1940, ulikuwa na meli 35 na ulipoteza 20. Kwa hiyo filamu inayoonyesha kundi kubwa la nyambizi likiuvamia msafara usiku mwishoni mwa 1939 imekosea mwaka.

Kisha kagua vifaa. Rada ya sentimita, ile iliyofunikwa kwa kibanda cha duara kama taa ya mnara wa pwani, ilianza kufungwa kwenye koveti, manowari ndogo za kusindikiza misafara, mwaka 1941. Ukiiona kwenye hadithi ya 1940, jua meli imeazimwa kutoka miaka ya baadaye. Hedgehog, mtambo wa kurusha mabomu 24 mbele ya meli, ulienea kuanzia 1942. Squid, wenye mitutu mitatu, ulikuja na koveti za aina ya Castle katika nusu ya pili ya vita. Na ikiwa hadithi iko katikati ya Atlantiki mwaka 1941 na ndege za nchi kavu zinapita juu kila saa, hapo pana tatizo: pengo lile lisilofikiwa na ndege lilizibwa kwa kweli majira ya kuchipua ya 1943. Mwezi Mei mwaka huo Ujerumani ilipoteza nyambizi 41.

Koveti za aina ya Flower zinasomeka kwa jicho. Za mwanzo zina sitaha fupi ya omo (mbele ya meli) na mlingoti mbele ya jukwaa la nahodha. Za baadaye zina sitaha ya omo iliyorefushwa na mlingoti nyuma ya jukwaa. Usiwe mkali kupita kiasi hapa. Meli zilizobaki baada ya vita zilikuwa chache, na mtengeneza filamu alichukua alichokipata. The Cruel Sea (1953) ni mfano mzuri. Meli inayoitwa Compass Rose ni Coreopsis, koveti ya kweli ya aina ya Flower iliyokuwa imeazimwa jeshi la majini la Ugiriki kwa jina la Kriezis. Ilirudishwa, ikapigwa picha, ikavunjwavunjwa kuwa chuma chakavu. Meli ya pili, ambayo kwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo ni frigeti iitwayo Saltash, kwenye filamu imekuwa koveti ya aina ya Castle, kwa kuwa iliyopatikana ilikuwa Portchester Castle. Hayo ni mabadiliko ya lazima, na hayaharibu ukweli wa hadithi.

Hatua ya 2: Pima maji

Maji hayadanganyi. Meli unaweza kuijenga ndogo, lakini tone la maji halipungui ukubwa. Kwenye tangi la studio, mchirizi unaopiga omo ya meli ya mfano huonekana kama shanga kubwa zinazorukaruka. Kwenye bahari halisi ni ukungu mweupe unaopeperushwa na upepo.

Kipimo cha pili ni muda wa wimbi. Koveti ya Flower ina urefu wa mita 62 hivi. Wimbi la bahari kuu lenye urefu huo, kilele hadi kilele, huchukua sekunde 6 kupita mahali palepale. Meli inayolikabili kwa mwendo wa noti 14 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli) itakutana na vilele kila sekunde 4 hivi. Kwa hiyo tafuta picha ambayo wimbi moja linalingana na urefu wa meli, bonyeza kipima sekunde kilele kikifika omo, simamisha kilele kinachofuata kikifika hapohapo. Ukipata sekunde 3, 4 au 6, ni sawa. Ukipata sekunde moja au mbili, unatazama tangi.

Mafundi wazuri walijua dawa yake: kupiga picha kwa kasi zaidi ili ikionyeshwa ionekane polepole. Kanuni ni kuzidisha fremu 24 za kawaida kwa kipeuo cha pili cha kipimo cha mfano. Mfano uliopunguzwa mara 16 unahitaji fremu 96 kwa sekunde. Uliopunguzwa mara 25 unahitaji 120. Mfano mdogo sana hauponi hata kwa kanuni hii, kwa sababu matone yanabaki makubwa na moshi wa bomba unapanda kama wa mshumaa.

Filamu zilizotengenezwa vita vikiendelea zinahitaji uelewa. Action in the North Atlantic (1943) ilitengenezwa kwenye studio za Hollywood, wakati maji ya pwani ya Marekani yenyewe yalikuwa uwanja wa vita. San Demetrio London (1943) nayo ilipigwa kwenye studio za Ealing, London. Kinyume chake, Western Approaches (1944) iliwatumia mabaharia wa kweli wa meli za biashara badala ya waigizaji, ikawapiga picha za rangi ndani ya mashua ya kuokolea baharini, kwa kamera nzito za enzi zile. Itazame kwanza mashua hiyo inavyopanda na kushuka, kisha rudi kwenye mashua yoyote ya studio. Ya studio hubembea. Ya kweli hutupwa huku na huko, na watu ndani yake hushikilia kitu muda wote.

Hatua ya 3: Pima mwendo

Noti 10 ni mita 5.1 kwa sekunde. Chagua povu au kipande cha ubao kinachoelea, anza kuhesabu omo ikikifikia, maliza tezi (nyuma ya meli) ikikipita. Meli ya Liberty, meli ya mizigo ya Marekani ya wakati wa vita, ina urefu wa mita 134 na ilikwenda noti 10 au 11, kwa hiyo inahitaji sekunde 24 hadi 26 kupita. Koveti ikitoa nguvu zake zote, noti 16, inahitaji sekunde 7 au 8. Filamu ikikuonyesha meli ya mizigo inapita kwa sekunde 8, imeigeuza kuwa boti ya doria.

Hapa pana jambo ambalo filamu nyingi huliruka, nalo ni kiini cha hofu ya miaka ile: nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC ikiwa juu ya maji ilikwenda zaidi ya noti 17. Koveti haikuweza kuikimbiza na kuipata. Chini ya maji hali iligeuka, kwani nyambizi iliweza noti 7 hivi kwa muda mfupi tu kabla betri hazijaisha, na kwa kawaida ilikwenda 2 hadi 4. Ndiyo maana kazi ya mlinzi ilikuwa kwanza kuilazimisha izame. Filamu inayoonyesha koveti ya mwaka 1941 ikiifukuza nyambizi juu ya maji na kuifikia kirahisi imegeuza hesabu.

Hatua ya 4: Pima umbo la msafara

Kosa kubwa kuliko yote ya kuonekana ni meli kubanana. Msafara ulikuwa mpana kuliko ulivyokuwa mrefu. Chukua meli 45 katika safu 9 za meli tano tano. Kati ya safu na safu mita 900 hivi. Kati ya meli na meli katika safu, mita 400 hadi 550. Upana unafika kilomita 7, kina kilomita 2 hivi. Walinzi wako nje ya hapo, kilomita 3 au 4 kutoka meli za pembeni.

Sasa fanya hesabu. Koveti iliyo upande wa kulia, ikiitwa upande wa kushoto, ina takriban kilomita 14 za kwenda. Kwa noti 16, ambazo ni karibu kilomita 30 kwa saa, hiyo ni nusu saa. Mwongozaji hawezi kuonyesha nusu saa nzima, na hatumlaumu. Lakini anaweza kuonyesha kwamba muda umepita: zamu imebadilika, anga limebadilika, moto uliokuwa mkubwa umekuwa moshi. Akikata moja kwa moja kutoka mlipuko hadi koveti ikiwa pembeni yake, ameiondoa sababu iliyofanya watu wengi wafe ndani ya maji baridi: msaada ulikuwa mbali.

Angalia pia nani anaongoza. Msafara ulikuwa na kamodoo wake, yaani mkuu wa meli za biashara, aliyepanda meli ya biashara iliyotangulia safu ya katikati, na amri zake zilikwenda kwa bendera, taa na honi. Mkuu wa walinzi ni mtu mwingine, kwenye manowari. Filamu inayomfanya nahodha mmoja wa manowari aamuru kila kitu imerahisisha mno. Meli za mafuta na za baruti zilipangwa safu za ndani, si pembeni. Usiku hakuna taa, isipokuwa taa hafifu ya bluu tezi. Kwenye ukungu meli ilikokota boya la kurusha maji ili ya nyuma iione njia.

Kama unataka kuona msafara wa kweli, Corvette K-225 (1943) ina picha zilizopigwa kwenye misafara ya wakati wa vita. Namba K225 ni ya koveti Kitchener ya Kanada, ambayo ilitumika katika filamu. Hadithi yake ni ya kawaida, lakini umbali kati ya meli ni sahihi, na mtu akishauona hawezi tena kudanganywa na meli sita zilizokaa kama daladala kituoni.

Hatua ya 5: Pima dakika ya shambulio

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda mwingi. Filamu ikifaulu hapa, makosa mengine mengi tunaweza kuyasamehe.

Asdiki, chombo cha kusikilizia chini ya maji, kilituma mlio na kungoja mwangwi. Kwa hali ya kawaida kilifika mita 1,500 hivi. Mwangwi ukirudi kwa sauti ya juu kuliko mlio, nyambizi inakuja. Ukirudi chini, inakwenda. Sikiliza kwa makini: mlio na mwangwi wake vinapaswa kukaribiana kadiri meli inavyosogea. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kilicho mita 1,500 kinarudisha mwangwi baada ya sekunde 2, na kilicho mita 375 baada ya nusu sekunde. Filamu nyingi zina mlio mmoja usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwali wa asdiki ulielekea mbele, si chini. Meli ikikaribia, nyambizi iliyo kwenye kina hupotea chini ya mwali. Kadiri ilivyo chini zaidi ndivyo inavyopotea mapema, na kwa nyambizi ya kina kirefu huwa ni mita mia mbili au mia tatu za mwisho. Kuanzia hapo nahodha anashambulia kwa kukisia. Hesabu hivi:

Meli inakwenda noti 15, yaani mita 7.7 kwa sekunde. Mwangwi umepotea mita 250 kabla. Zinapita sekunde 32 hadi meli ifike juu ya mahali palipokisiwa. Mabomu ya kina, yanayolipuka yakifika kina kilichopangwa, yanadondoshwa. Bomu la kawaida la Uingereza lilikuwa pipa la kilo 190 hivi, lenye baruti karibu kilo 130, nalo lilizama kama mita 3 kwa sekunde. Kufika mita 90 kunachukua sekunde 30. Jumla ni zaidi ya dakika moja. Ndani ya dakika hiyo, nyambizi inayokwenda noti 4 imesogea zaidi ya mita 120. Na ili bomu lipasue mwili wa nyambizi, lilitakiwa kulipuka ndani ya mita 6 hadi 9 hivi.

Kwa hiyo bonyeza kipima sekunde pale mwendeshaji wa asdiki anaposema mwangwi umepotea, simamisha mlipuko wa kwanza. Kwa nyambizi ya kina kifupi, sekunde 25 hadi 40 zinakubalika. Kwa ya kina kirefu, dakika moja. Chini ya sekunde 15 ni uongo, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Sababu hiyohiyo inaeleza kwa nini mabomu hayakudondoshwa mojamoja. Yalikwenda kwa mpango: matano mwanzoni mwa vita, mengine yakiviringishwa tezi na mengine yakirushwa pembeni, baadaye kumi. Angalia kama mabaharia wanarekebisha kina kwenye bomu kabla ya kulidondosha. Angalia pia kama meli inaongeza mwendo. Meli iliyokwenda pole na kulipua mabomu kwenye kina kifupi ingejivunja tezi yenyewe. Baada ya mlipuko maji huchafuka na asdiki haioni kitu kwa dakika kadhaa, kwa hiyo nahodha anayepata mwangwi safi papo hapo hajapata kitu cha kweli.

Nguzo ndefu ya maji unayoiona kwenye kila filamu hutokea mabomu yakilipuka karibu na uso. La kina kirefu hutikisa meli kwanza, kisha baada ya sekunde kadhaa maji huumuka na kuwa meupe. Hedgehog nayo haikulipuka isipokuwa imegusa kitu. Kimya baada ya kurusha mabomu 24 ndicho ukweli wake.

The Enemy Below (1957) inastahili kupimwa hapa. Si filamu ya msafara, ni ya pambano la manowari moja na nyambizi moja, lakini imetokana na riwaya ya Denys Rayner, ambaye mwenyewe aliongoza meli za ulinzi Atlantiki. Manowari yake ni Whitehurst, meli halisi ya kusindikiza ya Marekani. Kubahatisha kwa manahodha wawili, kila mmoja akikisia mwenzake atageukia wapi, kumeshikwa vizuri kuliko filamu nyingi. Penye udhaifu ni ndani ya nyambizi, pana nafasi kama sebule. Linganisha na Das Boot (1981), filamu ya Kijerumani inayotokea ndani ya nyambizi: mwili wa ndani wa VIIC ulikuwa na kipenyo cha mita 4.7 tu, kwa watu arobaini na zaidi, na filamu ile haikuongeza hata shibiri.

Halafu kuna tukio la The Cruel Sea ambalo wengi hulikumbuka: nahodha anapata mwangwi chini ya watu walio majini, na inambidi aamue. Wengine hudhani ni kitu kilichobuniwa ili kulizia watazamaji. Sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki tunayo sababu ya kujua kwamba siyo. Februari 1944 msafara KR 8 ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ukiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli iliyowabeba, Khedive Ismail, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Manowari Petard na Paladin ziliisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya kina huku waliookoka wakiwa bado majini, na ikazamishwa.

Hatua ya 6: Topedo na meli inavyozama

Topedo ni bomu linalojiendesha majini. Ya Kijerumani ya mvuke iliacha mstari wa mapovu. Ya umeme, iliyokwenda noti 30, haikuacha. Mstari mweupe kila usiku ni mazoea ya filamu. Kutoka mita 1,000, topedo ya noti 30 huchukua sekunde 65 kufika. Das Boot inamwonyesha mtu akihesabu kwa saa, na ndivyo ilivyokuwa.

Uliza daima: meli ilibeba nini? Meli ya chuma ghafi ilizama kwa dakika moja au mbili, kwa sababu mzigo mzito ulikaa chini na nafasi iliyobaki ghalani ilikuwa hewa tupu iliyojaa maji mara moja. Ya mbao ilielea kwa saa nyingi. Ya mafuta iliweza kuwaka au kuelea, au vyote viwili. San Demetrio ya kweli, katika msafara HX 84 ulioshambuliwa na manowari ya Kijerumani Admiral Scheer tarehe 5 Novemba 1940, ilikuwa na zaidi ya tani 11,000 za petroli ya ndege. Mabaharia wake waliikimbia ikiwaka, wakaikuta tena, wakapanda na kuifikisha Uskoti. Filamu inayoilipua kila meli kwa mpira wa moto haijauliza swali la mzigo.

Hatua ya 7: Watu

Sikiliza amri za sukani. Afisa anasema, mshika sukani anarudia kupitia bomba la sauti, kisha anathibitisha usukani umegeuzwa. Amri isiyorudiwa ni ya waigizaji. Jukwaa la koveti lilikuwa wazi: afisa mkavu baada ya zamu ya saa nne si wa kweli. Kwenye koveti za mwanzo jiko lilikuwa nyuma na mabaharia walilala mbele, kwa hiyo chakula kilivuka sitaha wazi na kufika kimepoa, kama kilifika.

Mafuta majini ni kipimo kingine. Mtu aliyetoka humo alikuwa mweusi uso mzima, macho yamevimba, akitapika. Filamu za zamani humpaka kidogo mashavuni.

Kasoro nzito kuliko zote ni ya wasioonyeshwa. Sehemu kubwa ya mabaharia wa meli za biashara za Uingereza walikuwa Wahindi, Wachina, Wasomali, Wayemeni na Waafrika, wengi wao chini kwenye tanuri, mahali ambapo topedo iliua kwanza. Kwenye filamu za miaka ya 1940 na 1950 karibu hawapo. Ukipima, andika kama kamera inashuka kwenye chumba cha injini, inakaa huko kwa muda gani, na inamwona nani. Mpaka Mei 1941, baharia wa Kiingereza mwenyewe alikatiwa mshahara siku meli yake ilipozama. Filamu inayolitaja hilo ni nadra.

Uanze na ipi

Anza na Western Approaches kwa ajili ya maji na nyuso. Fuata na Corvette K-225, uangalie umbali tu. Kisha The Cruel Sea yote, ukiwa na saa mkononi kwenye kila shambulio. Das Boot iwe ya nne, ili usikie mabomu yaleyale kutoka upande wa pili. Action in the North Atlantic iwe ya mwisho: kwa jicho lililokwisha kuzoea, matangi yake utayatambua papo hapo, na utaweza kutulia uangalie inachokifanya vizuri, yaani Wajerumani na Warusi wanaozungumza lugha zao bila tafsiri, kama mabaharia walivyowasikia.